Fundi wa Miguu Aliyeagwa Mara Tatu

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo usogee karibu na redio. Kama uko njiani na simu sikioni, tembea tu, nitakufuata. Saa hii ni ya kuwakumbuka waliotutangulia, na leo tunamkumbuka dada mmoja, fundi wa miguu ya bandia.

Narudia, ili aliyefungua redio sasa hivi asipotee. Fundi wa miguu ya bandia. Alitaka kwenda ng'ambo, kwenye hospitali ya misheni katika nchi iliyotoka vitani, akawatengenezee miguu watu walioipoteza. Alijiandaa miaka sita. Mwisho akafika. Mwezi huu amefariki akiwa huko, na huko ndiko alikozikwa.

Niseme mapema kwamba leo nina hasira. Mmezoea kunisikia nikiongea taratibu, nikibembeleza. Leo msinitegemee. Nimeshalia, machozi yameisha, kilichobaki ni hasira, na fundi mitambo wetu hapa nyuma ya kioo ameniomba nisipige meza maana inasikika.

Kwao walizaliwa wawili, yeye na mdogo wake wa kiume, ambaye leo ni kinyozi. Alisomea useremala. Hospitali yetu ilikuwa inatafuta mtu mwenye mkono mwepesi wa kuchonga, akaajiriwa, na kutoka milango na vitanda akahamia kwenye miguu. Kazi yenyewe iko hivi. Mgonjwa anakuja na kigutu chake, kile kipande cha mguu kilichobaki. Fundi anakifunga bandeji yenye plasta mbichi, anangoja ikauke, anaivua taratibu kama soksi. Ndani ya ganda lile anamwaga plasta nyingine, anapata umbo la kigutu. Anachonga hapa, anaongeza pale, ndipo anatengeneza kikombe, ile sehemu ambayo kigutu kinaingia. Halafu mgonjwa anasimama katikati ya vyuma viwili, anashika, anajaribu hatua. Akisema anaumia, mguu unavuliwa, kazi inaanza upya.

Mimi nilimjua kwenye kwaya. Tulisimama mstari mmoja. Alikuwa akija mazoezini na unga wa plasta kwenye nyusi, utadhani kazeeka njiani. Sauti yake ilikuwa mbaya, Mungu anisamehe, lakini maneno yote aliyajua na hakukosa hata siku ya mvua.

Jumapili moja alikuja mgeni, daktari wa ile hospitali ya ng'ambo. Alisema pale kwao watu wanatambaa uani wakingoja fundi, na fundi hakuna. Hakuomba kitu. Alisema tu, akakaa. Dada yetu akasimama kwenye mstari wa kwaya, mbele ya kanisa zima, akasema, "Mimi nitakwenda." Mama yake alikuwa kwenye benchi la mbele. Ananiambia, "Nilidhani amesimama kuimba. Nikasema moyoni, leo tumekwisha."

Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Ikaundwa kamati ya misheni. Mwenyekiti akawekwa mzee mmoja anayeheshimika, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye najua ananisikiliza hivi sasa kwa sababu hakosi kipindi hiki. Shikamoo, Mwenyekiti. Kaa vizuri.

Sasa sikilizeni kosa letu, maana sijui kama kuna watu wengine duniani wanaoweza kulifanya isipokuwa watu wa kanisa. Viza ilikuwa haijatoka. Lakini askofu alikuwa akipita mjini wiki hiyo, na kamati ikaona ni hasara askofu apite bure. Ibada ya kumuaga ikafanyika. Tuliimba, tukalia, tukamwekea mikono. Zawadi zikaletwa: mablanketi, taulo, begi kubwa la magurudumu. Mama yake alilia hadi akashikwa kwapani na kutolewa nje kupata hewa. Kazi alikuwa ameshaiacha. Alikwenda nyumbani na begi lake akingoja kuitwa.

Viza ikakataliwa.

Jumapili iliyofuata akaja kanisani. Angekwenda wapi? Alikuja, akaketi, na watu waliomlilia wakawa wanamtazama kama aliyefufuka bila ruhusa. "Kumbe bado upo?" Mmoja. "Eh, nilijua umeshafika!" Wa pili. Kila mtu alikuwa amemwambia safari njema, na kabla ya mwezi kuisha vijana wa mtaani wakawa wanamwita hivyo hivyo, Safari Njema. "Safari Njema, vipi?" "Safari Njema huyo anapita!" Alicheka nao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi niliyesimama naye mstari mmoja niliona jinsi alivyoanza kupita njia ya nyuma.

Akarudi karakana ya hospitali kuomba kazi. Nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye alimfundisha kazi. Bosi mpya akampa kusugua vikombe kwa msasa, kazi ya wanaoanza. Akasugua. Na kama hilo halikutosha, mama mmoja wa kanisani alimfuata baada ya ibada, akamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, lile blanketi nililokupa, kama safari imekwama, naweza kulipata? Binti yangu mdogo anakwenda shule ya bweni." Dada yetu akalirudisha, amelikunja vizuri. Alinisimulia kwenye mazoezi ya kwaya. Tulicheka hadi tukashika mbavu, halafu nikaona yeye hacheki tena, analia.

Ibada ya pili ya kumuaga. Ndiyo, mmesikia, ya pili. Safari hii viza ilikuwa mkononi. Watu wakaja wachache kidogo, wakalia kidogo kidogo, kilio cha akiba. Akapewa begi lingine. Siku chache kabla ya kuondoka, mapigano yakaanza tena kule, hospitali ikafungwa. Hapo siwezi kumlaumu mtu. Nitalaumu vita.

Ibada ya tatu ndiyo inayonitoa moshi masikioni. Hospitali ilikuwa imefunguliwa. Viza mpya ilikuwa tayari. Kila kitu tayari! Lakini alikuwa amekuja mchungaji mpya, na mchungaji mpya akasema hawezi kumtuma mtu ambaye yeye mwenyewe hajamuaga. Akaagwa. Begi la tatu. Mdogo wake kinyozi akaniambia, "Dada, nyumbani kwetu tulikuwa na mabegi mengi kuliko viti." Akatumia moja kuwekea taulo za saluni yake.

Baada ya ibada hiyo, usharika wa jirani ukasema fundi yule kabatizwa kwao, kwa hiyo watakaotangazwa kuwa wametuma ni wao. Kamati yetu ikasema, haiwezekani, tumemlea sisi. Wakaitana vikao. Kikao kikazaa kikao. Wazee wazima wakagombana juu ya nani ametuma mtu ambaye hakuna aliyemtuma. Na viza, wasikilizaji wapendwa, ina tarehe. Tarehe ikapita. Viza ikafa watu wakiwa wanabishana.

Nilikwenda kwa Mwenyekiti mwenyewe, nyumbani kwake. Nikakaribishwa chai. Nikamwuliza, "Mzee, huyu dada anakwenda lini?" Akanitazama kama mwanafunzi aliyechelewa, akasema, "Binti yangu, haraka haraka haina baraka." Nilikunywa chai nikanyamaza kwa sababu ni mkubwa kwangu. Leo nina kipaza sauti. Mzee wangu, na polepole yenu ilikuwa na baraka gani?

Fundi mitambo ananipungia mkono. Haya, napoa.

Wengine mtauliza, imani yake ilikuwa wapi siku zote hizo? Nami ndicho ninachotaka kusema, maana watu wanapenda kuieleza imani kama usingizi mzuri. Yake haikuwa hivyo. Alikuwa akijifunza lugha ya kule peke yake. Alibandika vipande vya karatasi nyumba nzima, mlango, sufuria, dirisha, kila kimoja na jina lake la kigeni. Hata kofia ya mdogo wake ilibandikwa. Halafu akaanza kusali kwa lugha hiyo ili aizoee. Mama yake anasema, "Nilikuwa namsikia chumbani asubuhi. Sielewi hata neno moja. Lakini nilijua analalamika. Mtoto wako akilalamika, utamjua kwa lugha yoyote."

Watu walimpa methali. Subira yavuta heri, walimwambia mlangoni, sokoni, kwenye foleni ya maji. Alisema siku moja, "Nikimsikia mwingine akiniambia subira, nitampiga na mguu." Naye miguu alikuwa nayo mingi.

Baada ya viza ya tatu kufa, aliacha. Nasema wazi, aliacha. Alibandua makaratasi yote, akaacha kusali kwa lugha yoyote, iwe ya kigeni au ya kwao. Kwaya hakuja. Nilipomfuata akanifungulia mlango nusu, akasema, "Mwambieni Mungu atafute mtu mwenye kamati nzuri." Akafunga. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu, tumempoteza.

Kilichomrudisha hakikuwa mahubiri. Kilikuwa mguu. Pale karakana alikuja babu mmoja, zamani dereva wa lori, mkali kama pilipili. Alikuwa amepewa mguu mpya, ukamchubua. Alisimama kati ya vile vyuma viwili, akapiga hatua moja, akapiga kelele, akaketi, akauvua, akaurusha. Ukagonga ukuta, ukaangukia beseni la plasta. "Mguu gani huu! Mnatengeneza miguu au mitego?" Yule bosi kijana akataka kumfukuza.

Dada yetu akauokota mguu. Akaufuta. Akaingiza mkono kwenye kikombe, akapapasa, akapata mahali penye kinundu, akachukua msasa akaketi chini kusugua. Babu kwa aibu akamwambia, "Binti, nisamehe. Nilidhani mtanitoa nje." Yeye bila kuinua kichwa akamjibu, "Babu, ukinirushia mimi hakuna neno. Mimi ndiye niliyeusugua, nitajua pa kurekebisha. Wanaonitia uchungu ni wale wanaoumia kimya, wanakwenda nyumbani, wanauficha mguu chini ya kitanda, hawarudi tena."

Alinisimulia kwamba alipomaliza kutamka maneno hayo, mkono wenye msasa ulisimama. Jioni alimwambia mama yake wakiwa wanaosha vyombo, "Mama, nimemficha Mungu chini ya kitanda. Bora nimrushie." Mama anasema hakuelewa. Lakini asubuhi iliyofuata alisikia tena ile lugha ya kigeni chumbani, kali kuliko zamani, na kitu kikapigwa mezani. Mama akacheka peke yake jikoni. "Nikajua wamepatana," ananiambia, "maana walikuwa wanagombana."

Hiyo ndiyo imani niliyoiona mimi kwa macho yangu. Alimwamini Mungu kiasi cha kumlalamikia yeye, badala ya kulalamika kwetu. Makaratasi akayabandika tena. Kwaya akarudi, na sauti yake mbaya. Hali yake haikubadilika hata kidogo. Msasa ule ule, bosi yule yule, Safari Njema ile ile mtaani. Alikata tamaa kila wiki, na kila wiki akaipata tena kwa Mungu yule yule aliyemlalamikia.

Halafu simu ikapigwa kutoka ng'ambo. Alikuwa yule daktari aliyewahi kuwa mgeni wetu. Akamwambia, hospitali itakuombea viza yenyewe, utakuja? Akajibu kwa lugha yao, nasikia alikosea maneno mawili, lakini ndiyo yake ilieleweka. Viza ikatoka. Kamati ikapata habari. Na kamati, sijui nicheke au nilie, ikapanga ibada ya nne ya kumuaga, baada ya mkutano mkuu wa mwaka.

Alisimama kwenye maombi ya katikati ya wiki. Nilikuwepo. Akasema, "Wazazi wangu, nawashukuru. Mmeniaga mara tatu na sijatumia hata moja. Nina baraka za akiba, zinanitosha. Nasafiri keshokutwa." Akaketi.

Akaondoka asubuhi ya kawaida kabisa. Walimsindikiza uwanja wa ndege mama yake na mdogo wake tu. Alichukua begi moja, na nusu yake ilikuwa vifaa vya kuchongea. Mdogo wake anasema alipofika mlango wa kukagulia mizigo aligeuka akapiga kelele, "Mama, zima jiko!" Mama alikuwa amelizima. Jumapili kwenye matangazo ikasemwa kwamba ameondoka bila baraka za kanisa. Wengine wakamwita mmishonari mtoro.

Huko alifanya kazi mwaka mmoja na miezi michache. Narudia, alijiandaa miaka sita, akafanya kazi mwaka mmoja na miezi michache. Hesabu hiyo inaniuma, na msije mkaniambia ilipangwa. Labda ilipangwa. Lakini nilikuwepo kwenye vikao vingine, na niliowaona wakipanga walikuwa na vitambulisho vya kamati.

Alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti. Mama yake ameniruhusu nitoe mmoja. Alisema hivi: "Dada, huku nako plasta inaisha, umeme unakatika, na mkuu wa stoo ni ndugu yake Mwenyekiti, nakuapia, wamefanana hadi kikohozi. Nimelia wiki hii mara mbili. Lakini leo nimemsimamisha mama mmoja, kaenda hadi mlangoni, karudi, kanifokea kwamba mguu unambana. Nikamwelewa! Maneno yote nimemwelewa! Nimefurahi hadi nikamkumbatia, naye bado anafoka."

Moyo wake ulisimama akiwa kazini, mchana. Hakuugua. Walimkuta ameegemea meza ya kuchongea.

Habari zilipofika, kamati ikawa ya kwanza msibani. Niliwakuta sebuleni kwa mama yake, wamekaa safu nzima, Mwenyekiti katikati. Kwa mara ya kwanza walikuwa na haraka. Walikuwa wameshauliza ndege. Walikuwa wameshamwandikia askofu. Mwili urudishwe, wakasema, kanisa limuage mtumishi wake kwa heshima. Ibada kubwa, kwaya zote, usharika wa jirani nao watakuja, wamekubaliana.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Aliwasikiliza hadi mwisho. Mwanawe kinyozi akataka kujibu, akamshika goti anyamaze. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Mwanangu alikwenda kwa taabu. Hamtamrudisha kwa urahisi."

Mwenyekiti alivua miwani, akaishika mapajani, na nilimwona analia. Mzee wangu, nimekusema sana leo, na hilo nalo nilipaswa kulisema. Dada yetu akazikwa kule. Nimeambiwa waliobeba jeneza walitembea taratibu, kwa sababu wengi wao miguu yao aliitengeneza yeye.

Pole, mama yetu. Pole, mdogo wake, na saluni yako yote. Poleni mafundi wa karakana, poleni wanakwaya wenzangu, na ninyi wa ng'ambo mliompokea, asanteni na poleni. Mungu, ambaye dada huyu hakumnyamazia hata siku moja tangu alipopatana naye, awape nguvu za kumwambia ukweli.

Na wewe unayenisikiliza, nina neno moja kwako. Katika usharika wetu kuna mkunga ambaye naye amesimama akasema atakwenda. Faili lake liko kwenye kamati tangu mvua zilizopita. Huenda mahali pako pia yupo mtu kama huyo, kanisani, kazini, ndani ya nyumba yako, anangoja neno lako tu. Tafakari. Kama kuna safari ya mtu umeikalia, inuka.